Betri ya gari linalolala: kuichagua, kuifunga na kuilisha

Kaka yangu anafanya kazi Muscat, na gari lake, RAV4 ya mwaka 2006, liko kwangu Tanga. Anakuja mara moja kwa mwaka, wiki tatu au nne. Siku nyingine zote gari linakaa chini ya mwembe, nalitoa nikiwa na msiba Muheza au nikimpeleka mama kliniki. Ndani ya miaka mitatu ya mwanzo tulinunua betri tatu. Kila moja ilipokufa tuliisema vibaya: feki hii, imekaa sana dukani, wametuuzia mzigo mbovu. Ya nne ina miaka minne sasa na bado inazungusha stata kwa mkupuo mmoja. Mwembe ni ule ule na joto la Tanga ni lile lile.

Siku ya mabadiliko ni ile fundi umeme mmoja wa Ngamiani, hapa hapa Tanga, alipoishika ile betri ya tatu, akaipima, akaiweka chini. "Dada," akaniambia, "betri hii hukuichosha. Umeishindisha na njaa."

Maneno yake ndiyo kiini cha haya yote. Ndani ya betri ya volti 12 kuna vyumba sita, kila kimoja kinatoa volti 2.1 hivi, na kila kimoja kina sahani za risasi zilizolowa asidi. Betri ikitoa umeme, sahani zinajipaka salfati ya risasi, utando laini mweupe. Ukiichaji mapema, utando ule unayeyuka na kurudi kwenye asidi. Ukiiacha na njaa wiki kadhaa, unaganda ukawa fuwele ngumu, na sehemu ya sahani iliyofunikwa haifanyi kazi tena, hata ukiichaji usiku kucha. Ndiyo maana teksi inayozunguka mjini kutwa inaweza kutumia betri moja miaka mingi, na gari la mstaafu linalokwenda kanisani Jumapili tu likamaliza betri kwa mwaka mmoja.

Kwa hiyo kazi yako ni kuhakikisha haishindi na njaa. Fuata hatua hizi kwa mpangilio, na usikimbilie dukani kabla hujamaliza mbili za mwanzo.

Hatua ya 1: Ipime betri uliyonayo

Nunua multimita, yaani kipimo cha umeme. Ile ya bei ya chini kabisa kwenye maduka ya vifaa vya umeme inatosha. Iweke upande wa volti za DC, kwenye 20. Waya mwekundu kwenye kichwa cha chanya cha betri, mweusi kwenye hasi.

Wakati wa kupima ni asubuhi, gari likiwa limelala usiku mzima. Ukipima mara baada ya kuzima injini utaona volti 13 na ushei, ukafurahi bure. Huo ni umeme wa juu juu unaoshuka ndani ya saa chache. Kwa betri iliyotulia, soma hivi:

- 12.6 na kuendelea: imejaa
- 12.4: robo tatu
- 12.2: nusu
- 12.0: robo
- 11.8: tupu

Mstari wangu ni 12.4. Ikishuka hapo naichaji siku hiyo hiyo, siingoji Jumamosi, kwa sababu chini ya hapo ule utando unaanza kuganda.

Kisha mwambie mtu awashe gari wewe ukiangalia multimita. Stata inapozunguka, namba itaanguka, kisha itapanda. Ikianguka chini ya 9.6 wakati asubuhi ilisoma 12.6, betri imechoka ndani, hata kama inaonekana imejaa. Injini ikishaunguruma, soma tena: alteneta (mashine inayozalisha umeme injini ikizunguka) ikiwa nzima hutoa kati ya volti 13.8 na 14.7. Ukikuta 12.3 na injini inanguruma, usinunue betri. Tatizo liko kwenye alteneta, mkanda wake au nyaya zake.

Hatua ya 2: Mtafute anayekula usiku

Hapa ndipo tulipopoteza betri zetu tatu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Gari lililozimwa halilali kabisa. Kompyuta inahifadhi kumbukumbu, alamu inasikiliza, saa inatembea, kifaa cha kupokea rimoti kinangoja. Kwa gari la kawaida, matumizi hayo ni miliampea 20 hadi 50. Namba inaonekana ndogo mpaka uizidishe. Miliampea 30 kwa saa 24 ni 0.72 Ah (Ah ni ampea-saa, kipimo cha umeme uliohifadhiwa kwenye betri). Kwa mwezi ni karibu 22 Ah. Kama betri yako ni ya 45 Ah, nusu yake imeliwa gari likiwa limesimama, bila mtu kugusa hata taa ya ndani. Juu ya hapo betri yenyewe hujipunguza kidogo kidogo, na kasi hiyo huongezeka karibu maradufu kila joto likipanda nyuzi 10. Sisi wa pwani tunalipa zaidi ya mtu wa Lushoto.

Kabla hujagusa spana, angalia redio. Magari mengi yaliyotoka Japani na redio yake ya kiwandani, yenye skrini na maandishi ya Kijapani, ukikata umeme wa betri yanajifunga na kudai namba ya siri. Watu wamebaki na redio bubu kwa miaka kwa ajili ya dakika moja ya kufungua waya. Kama lako ni la aina hiyo, nenda kwa fundi mwenye kipimo cha kubana kinachopima ampea kwa kuzungushwa kwenye waya bila kuufungua, na awe na kile kinachoweza kusoma miliampea.

Kama redio haina shida hiyo, fanya mwenyewe:

Zima kila kitu, fungua boneti, funga milango, peleka ufunguo mbali. Hamisha waya mwekundu wa multimita uuchomeke kwenye tundu lililoandikwa 10A, na ugeuze kitufe kwenda ampea za DC. Legeza waya wa hasi wa betri kwa spana namba 10, uutoe. Ncha moja ya multimita iguse waya ulioutoa, ncha nyingine kichwa cha hasi cha betri. Sasa umeme wote wa gari unapita kwenye kipimo. Usiwashe gari, usiwashe taa kubwa. Utaunguza fyuzi ya multimita.

Mara ya kwanza namba itakuwa kubwa kwa sababu umeziamsha kompyuta. Subiri dakika 30, magari mengine hata saa nzima, bila kufungua mlango. Kisha soma. 0.03 maana yake miliampea 30, na hapo uko salama.

Kwenye RAV4 yetu namba ilitulia kwenye 0.18. Miliampea 180! Hiyo ni zaidi ya 4 Ah kila siku. Betri ya 60 Ah inafika nusu ndani ya wiki moja. Nikaanza kuchomoa fyuzi moja moja, nikiangalia namba baada ya kila fyuzi. Nilipochomoa ya redio ikaanguka hadi 0.028. Aliyetufungia redio mpya na kikuza sauti alikuwa ameunganisha waya wa kuwashia moja kwa moja kwenye betri, badala ya kwenye swichi ya ufunguo. Tulipolala, kikuza sauti kilikuwa macho. Fundi wa Ngamiani alihamisha waya huo kwa robo saa, na nilipompigia kaka kumweleza alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Betri tatu, dada."

Watuhumiwa wengine wa kawaida ni traka iliyofungwa na mtu asiye makini, alamu ya ziada, kamera ya dashibodi inayorekodi gari likiwa limesimama, na taa ya buti isiyozima. Na kama gari lako ni la kuwashia kwa kitufe, usitundike ufunguo ukutani karibu na gari. Ufunguo na gari vinaendelea kuitana usiku kucha, na gari halipati usingizi.

Ukimaliza kupima, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti pale pale. Ukisahau, siku utakapopima volti utakuwa umeunganisha chanya na hasi kwa waya mtupu, na cheche zake si za kuchezea.

Hatua ya 3: Chagua betri

Sasa unaweza kwenda dukani.

Anza na saizi. Betri za magari ya Kijapani zina maandishi kama 55D23L. 55 ni daraja la nguvu. D ni kundi la upana na kimo. 23 ni urefu kwa sentimita. L au R huonyesha kichwa cha chanya kiko upande gani. Wauzaji wengi bado wanatumia majina ya zamani: ukiambiwa NS60 na kwenye betri kumeandikwa 46B24, ni saizi ile ile. Usitegemee kumbukumbu. Nenda na betri kuukuu, ziweke mbili sambamba, uhakikishe chanya iko upande ule ule na vichwa vina unene ule ule. Betri za kundi B zinakuja na vichwa vyembamba au vinene, na mtu anayelazimisha kwa kuzungushia kipande cha bati anajitengenezea tatizo la mwaka mzima.

Kuhusu nguvu, wauzaji watakuonyesha namba ya CCA, yaani nguvu ya kuwashia gari kwenye baridi. Namba hiyo hupimwa kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Kwa mtu wa Tanga, Mombasa au Dar, si hiyo ya kulipia. Wewe angalia Ah, yaani ukubwa wa tangi. Gari linalolala linahitaji akiba. Kama kitako cha betri na kibano chake vinaruhusu saizi moja juu, ichukue: mwizi yule yule wa miliampea 30 atachukua muda mrefu zaidi kuifikisha pabaya, na alteneta haitalalamika.

Aina sasa. Ile ya vifuniko sita, betri ya maji, ni rahisi na unaweza kuiongeza maji, lakini nyingi zake zina antimoni kwenye risasi na hujipunguza haraka zikikaa. Ile iliyozibwa, ambayo mtaani tunaiita betri kavu ingawa ndani ina asidi kama nyingine, kwa kawaida ina kalsiamu kwenye sahani, na hujipunguza polepole zaidi. Hiyo ndiyo niliyonunua na ndiyo ninayompendekezea mtu mwenye gari la kawaida lisilotembea sana. Iliyo bora kuliko zote kwa kukaa ni AGM, ambayo asidi yake imenyonywa na vitambaa vya nyuzi za kioo; bei yake ni kubwa, na haipendi joto la chini ya boneti wala kuchajiwa kupita kiasi. Kwa gari ambalo betri iko buti, AGM inafaa sana.

Kama injini ya gari lako inajizima yenyewe kwenye taa za barabarani, betri yake ina maandishi kama Q-85 au M-42. Ukibadilisha, funga ya aina hiyo hiyo.

Nitakuomba usifunge betri ya sola kwenye gari. Najua ipo nyumbani, najua ina Ah nyingi. Imetengenezwa kutoa umeme kidogo kidogo kwa saa nyingi; stata inataka ampea mia na zaidi kwa sekunde mbili tatu. Itawasha siku chache, kisha utakuwa umeharibu betri ya nyumba.

Kabla ya kulipa, toa multimita yako uipime hapo hapo kaunta. Muuzaji mzuri hatakasirika. Betri mpya inayosoma chini ya 12.4 imeshinda na njaa dukani kama zetu zilivyoshinda chini ya mwembe, iache. Muulize akuonyeshe tarehe ya kutengenezwa na akueleze inavyosomwa, maana kila kiwanda kina namna yake. Kama ni betri inayokuja tupu na kutiwa asidi mbele yako, isubiri nusu saa inywe, kisha ichajiwe kabla hujaondoka nayo. Na akuandikie tarehe na muhuri kwenye kadi ya dhamana.

Ile kuukuu iache kwa muuzaji anayezirudisha kiwandani, hata kama jamaa wa chuma chakavu anakupa zaidi. Mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, ulipata kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu mwaka 2007, na risasi ikaingia kwenye udongo, kwenye maji na kwenye damu za watoto. Phyllis Omido, ambaye mwanawe mwenyewe alikutwa na risasi mwilini, alipambana mpaka kiwanda kikafungwa. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman, tuzo ya watetezi wa mazingira, na mwaka 2020 mahakama huko Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kila nikiona mtu anapasua betri uani kwake ili auze risasi, watoto wakicheza pembeni, nawakumbuka watu wale. Nimeshasimama mara mbili kumsihi mtu aache.

Hatua ya 4: Ifunge vizuri

Kutoa, hasi kwanza. Kufunga, hasi mwisho. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, umepiga shoti.

Safisha vichwa vya nyaya kabla ya kufunga. Kwetu, kwa chumvi ya hewani, hasi huota unga wa kijani na mweupe ulio mzito kama ukoko wa sufuria. Kijiko cha magadi kwenye glasi ya maji kinatosha. Mimina kidogo, utaona povu linafoka na kusikia mchemko. Asidi inakufa hapo. Sugua kwa mswaki mzee, suuza kwa maji, kausha kwa kitambaa. Kwa betri yenye vifuniko, hakikisha vimekazwa, tone la magadi lisiingie ndani. Ukishakaza nati, paka grisi au vaselini juu ya vichwa vyote viwili. Kaza na kibano kinachoshikilia betri isitikisike, kwa sababu betri inayorukaruka kwenye barabara ya vumbi huvunjika sahani.

Vaa miwani, vua pete na bangili, na usivute sigara hapo. Betri inayochajiwa hutoa haidrojeni.

Hatua ya 5: Ilishe kila wiki

Mjomba wangu, dereva wa lori mstaafu, ndiye aliyenifundisha kuwasha gari dakika tano kila Ijumaa. Nilimtii kwa miaka miwili. Kisha nikafanya hesabu, na kwa heshima yake yote nikaacha.

Kwa wiki moja, miliampea 30 zimekula 5 Ah. Injini ikinguruma bila kutembea, alteneta inaipa betri ampea chache tu. Kwa dakika tano unarudisha chini ya 1 Ah, na sehemu ya hiyo ni deni la stata. Kila Ijumaa betri inaanza ikiwa na njaa zaidi ya Ijumaa iliyopita. Juu ya hapo injini haijapata moto wa kutosha, na maji yanayotokana na kuungua kwa petroli yanabaki kwenye oili na kwenye bomba la moshi, yakilila kwa kutu. Nilipompelekea mjomba hesabu hizo kwenye kipande cha daftari, alizisoma mara mbili. "Basi liendeshe," akasema. "Lori langu halikuwa na tatizo hilo kwa sababu halikusimama."

Njia ni tatu, chagua inayokufaa.

*Kuendesha.* Nusu saa hadi dakika 45 kwa wiki, barabara iliyo wazi, injini ikipata mzunguko. Mimi nakwenda Pongwe na kurudi, AC ikiwa imezimwa nusu ya safari. Kuzunguka mtaani dukani na kurudi hakuhesabiki. Safari tano fupi zina stata tano na chaji kidogo.

*Chaja ya umeme.* Kama gari linalala mahali penye soketi, nunua chaja inayojisimamia: inajaza, inapunguza yenyewe, kisha inashikilia kwenye volti 13.5 hivi bila kuchemsha. Chagua ampea zinazokaribia sehemu moja ya kumi ya Ah. Betri ya 45 Ah inataka 4 au 5. Umeme ukikatika na kurudi, nyingi zinaendelea zenyewe. Kama betri yako ni AGM, chaja iwe na mpangilio wa AGM. Zile chaja za kizamani zisizojizima hazifai kuachwa usiku. Na ukipeleka betri kwa fundi wa kuchaji, mwombe aichaji polepole, saa 8 hadi 12. Akikuambia ataijaza kwa saa moja, ichukue uondoke nayo. Utarudishiwa betri ya moto iliyochemshwa.

*Paneli ya sola.* Hii ndiyo iliyotuokoa, kwa sababu chini ya mwembe hakuna soketi. Paneli ya wati 10 hutoa karibu nusu ampea jua likiwaka. Kwa saa tano za jua zuri ni 2.5 Ah, zaidi ya mara tatu ya kinacholiwa usiku na mchana. Kwa kuwa mwembe una kivuli, paneli yetu iko juu ya banda la kuku, waya wa mita 10 ukishuka hadi kwenye kontrola ndogo (kifaa kinachodhibiti chaji) na kutoka hapo hadi betri, na fyuzi ya ampea 5 karibu na chanya. Kontrola usiiache kwa kubana matumizi: bila hiyo, mchana paneli inaweza kuichemsha betri, na usiku baadhi ya paneli hunyonya umeme kurudi. Ukiweka paneli ndani, nyuma ya kioo cheusi, utapata sehemu ndogo tu ya hayo.

Kuna wanaofungua waya wa hasi na kuuacha. Kwa gari la zamani lisilo na redio ya siri, ni njia nzuri na haigharimu kitu, lakini kumbuka betri bado inajipunguza yenyewe. Ipime kila mwezi na uichaji ikigusa 12.4.

Kwa wenye Prius na Aqua

Magari haya ni ya mseto, yaani yanatumia petroli na umeme, na yana betri mbili. Kubwa ya volti nyingi, yenye nyaya za rangi ya chungwa, usiiguse kabisa. Inayokufa gari likilala ni ile ndogo ya volti 12: kwenye Prius nyingi iko buti, kwenye Aqua chini ya kiti cha nyuma. Kwa kuwa iko ndani ya gari, inayofaa ni ile yenye mrija wa kutolea hewa nje. Usikubali kufungiwa betri ya kawaida ya maji hapo.

Betri ndogo inachajiwa taa ya READY ikiwa imewaka. Mtu anayekaa kwenye gari akisikiliza redio bila READY anaila. Unaweza kuliacha kwenye READY kwa saa moja kila wiki, uwanjani penye hewa, kwa sababu injini itawaka yenyewe wakati wowote na kutoa moshi. Na gari lako la mseto usilitumie kumbusti jirani mwenye lori, yaani kumwashia gari kwa umeme wa betri yako.

Hatua ya 6: Maji

Kwa betri yenye vifuniko tu. Fungua mara moja kwa mwezi, utazame kwa tochi, si kwa kiberiti. Sahani lazima zifunikwe. Ongeza maji yaliyosafishwa kwa ajili ya betri, na uongeze baada ya kuchaji, kwa sababu maji hupanda wakati wa kuchaji na yakizidi yatamwagika. Ukikuta sahani ziko wazi, zifunike kidogo kwanza, kisha chaji. Soma chupa vizuri kabla ya kununua: kuna ya maji na kuna ya asidi, na zinapangwa rafu moja. Kinachopungua ni maji, kwa hiyo asidi haiongezwi. Maji ya kisima cha pwani yana chumvi, usiyakaribie.

Ikishakufa tayari

Ukipata gari la jirani na nyaya za kubusti, fuata mpangilio huu. Nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, ncha ya pili kwenye chanya ya nzima. Nyeusi kwenye hasi ya nzima, na ncha yake ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Liache gari zima lingurume dakika tano, kisha washa. Gari la otomatiki msilisukume, mtajichosha bure.

Likiwaka, watu wengi husema limepona. Alteneta imetengenezwa kuitunza betri iliyojaa. Kuijaza iliyo tupu kunaipasha moto, na safari ya nusu saa haitoshi. Rudi nyumbani, iweke kwenye chaja usiku kucha. Baadhi ya chaja za kisasa zitaikataa betri iliyoshuka sana zikidhani haipo. Hapo fundi mwenye chaja ya kawaida aianzishe polepole, nawe umalizie na yako.

Asubuhi itoe kwenye chaja, usiiguse mpaka siku ya pili, kisha ipime. Ikisoma 12.6 na kuvuka mtihani wa stata, imepona, rudi hatua ya 2 utafute mwizi. Ikisoma 12.4 au chini, ichaji mara moja zaidi. Ikikataa mara ya pili, ipakie kwenye buti pamoja na multimita yako, uende dukani.